Nani analipa umeme? Somo kuhusu kuchimba sarafu za kompyuta nyumbani

 

Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja alinisubiri kwenye ngazi za msikiti. Nilimfundisha somo la Maarifa ya Uislamu alipokuwa sekondari, na sasa amemaliza chuo, anatengeneza kompyuta na simu za watu. Tulipokwisha salimiana akaniambia:

"Ustadhi, kuna sarafu mpya imetoka mtandaoni juzi tu. Inachimbwa kwa kompyuta ya kawaida, na wanaowahi ndio wanaofaidi. Kompyuta za madrasa zinalala tu usiku kucha. Tukiziwasha kuanzia Isha mpaka Alfajiri, tutakachopata nusu kiwe cha madrasa."

Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba anipe wiki moja. Si kwamba sikuelewa alichokuwa anakisema. Nilikielewa vizuri mno, kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kukifanya, na mwisho wake haukuwa mzuri. Makala haya ni jibu langu kwa kijana yule, na nimeona niliandike hapa kwa kuwa naamini hayuko peke yake. Vijana wetu wengi wa mjini wanaulizwa, wanashawishiwa, na wengine wameshaanza. Ni wajibu wetu sisi walimu kulielewa jambo kabla ya kulitolea neno.

Nini hasa kinachimbwa?

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe. Mtu akisikia "kuchimba" anafikiria Geita au Mererani: sururu, shimo na jiwe. Katika sarafu za kompyuta hakuna kitu kilichofukiwa. Kinachofanyika ni uandishi wa daftari.

Chukua mfano wa bitcoin, ambayo ndiyo mama wa sarafu hizi. Mtu au watu waliojificha nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto walitoa maelezo yake Oktoba 31, 2008, na daftari lake likafunguliwa Januari 3, 2009. Daftari hilo linaonesha nani amemhamishia nani sarafu ngapi, na nakala zake zimetawanyika katika kompyuta nyingi duniani, bila ya benki kulisimamia. Sasa nani aruhusiwe kuandika ukurasa unaofuata? Hapo ndipo penye mashindano. Kila kompyuta inayotaka kuandika inapewa fumbo la namba. Mfano wake ni kama kufuli la namba lisilo na njia ya mkato: unajaribu, unakosa, unajaribu tena, mamilioni ya mara kwa dakika. Kulipata jibu ni kazi kubwa, lakini jibu likishapatikana kila mmoja anaweza kulihakiki mara moja. Aliyelipata anaandika ukurasa, na malipo yake ni sarafu mpya ambazo hazikuwepo kabla.

Mwaka 2009 malipo hayo yalikuwa bitcoin 50 kwa kila ukurasa, na ukurasa mmoja unakadiriwa kuchukua dakika 10. Programu imepangwa kupunguza malipo hayo kwa nusu kila baada ya miaka minne hivi. Mwaka 2012 yakawa 25, mwaka 2016 yakawa 12.5, mwaka 2020 yakawa 6.25, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Jumla yake yote haitazidi milioni 21.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo ufunguo wa somo hili. Katika mgodi wa kweli, wachimbaji wakiongezeka dhahabu inayotoka kwa siku nayo huongezeka. Katika bitcoin haiwi hivyo. Kila baada ya kurasa 2,016, yaani wiki mbili hivi, programu inapima kasi ya wachimbaji. Wakiwa wengi, fumbo linafanywa gumu zaidi ili ukurasa uendelee kuchukua dakika zile zile 10. Kwa hiyo wachimbaji wakiongezeka sarafu haziongezeki. Kinachoongezeka ni umeme unaotumika kuzigombania.

Kwa nini watu wanakimbilia sarafu mpya?

Ukishalielewa hilo utaelewa kwa nini kijana yule alikuwa na haraka. Sarafu inapozaliwa wachimbaji ni wachache, fumbo ni jepesi, na kompyuta ya nyumbani inaweza kushinda. Ndivyo ilivyokuwa kwa bitcoin mwaka 2009, wakati watu walichimba kwa kompyuta za mezani sebuleni kwao. Wakati huo sarafu zenyewe hazikuwa na bei. Oktoba 2009 ndipo ilipotangazwa bei ya mwanzo inayojulikana: dola moja ya Marekani kwa bitcoin 1,309. Na aliyeipanga aliipataje? Alipiga hesabu ya umeme uliotumiwa na kompyuta yake. Ndugu msomaji, lishike hilo. Bei ya kwanza kabisa ya bitcoin ilikuwa ni bili ya umeme.

Mei 22, 2010, mtu mmoja wa Florida, Laszlo Hanyecz, alilipa bitcoin 10,000 akaletewa pizza mbili. Huyu huyu ni miongoni mwa wa mwanzo kugundua kwamba kadi za picha, zile zinazowekwa katika kompyuta za kuchezea michezo, zinachimba kwa kasi kubwa kuliko kompyuta yenyewe. Tangu hapo kompyuta ya kawaida ikaanza kuachwa nyuma. Mwaka 2013 zikaingia sokoni mashine zilizotengenezwa kwa kazi hiyo tu, na mtu wa sebuleni akatoka kabisa mchezoni. Leo bitcoin inachimbwa katika maghala yaliyojaa mashine, penye umeme wa bei ya chini.

Ndipo kila mwaka zinapozuka sarafu nyingine zinazojitangaza kuwa "hii bado ni ya watu wa nyumbani". Baadhi zina ukweli ndani yake. Monero, iliyoanza Aprili 2014, ilibadilisha fumbo lake Novemba 2019 kwa makusudi ili kompyuta ya kawaida iweze kulifumbua na mashine maalum zisiwe na nafasi. Lakini kukimbilia sarafu changa kuna mitego yake, na mtego mkubwa ni huu: mara nyingi anayekuambia "wahi" yeye ameshawahi zamani.

Nitatoa mifano miwili. Bytecoin ilipofahamika kwa watu mwaka 2014, ilionekana kwamba takribani asilimia 80 ya sarafu zake zimeshachimbwa na watu wasiojulikana kabla umma haujapata habari. Na sarafu ambayo leo inaitwa Dash ilianza Januari 18, 2014. Katika siku mbili za mwanzo zilitoka sarafu karibu milioni mbili, zaidi ya sehemu ya kumi ya zote zitakazowahi kuwepo. Mwanzilishi wake alieleza kwamba ilikuwa ni kasoro ya programu. Iwe kasoro au vinginevyo, waliokuwa macho saa hizo walipata fungu ambalo aliyekuja wiki iliyofuata hawezi kulipata maisha yake yote.

Mita moja, wapangaji wanne

Sasa niseme langu, ingawa si jambo la kujisifia.

Mwaka 2021, wakati bei za sarafu hizi zilipokuwa juu na kila kijiwe kinazizungumzia, nilikuwa nimepanga chumba na sebule hapa Dar es Salaam. Nyumba ilikuwa na wapangaji wanne na mita moja ya LUKU. Wenye kuishi nyumba za namna hii wanaujua utaratibu: uniti zikikaribia kwisha, kila mpangaji anatoa sawa na mwenzake, mmoja ananunua, maisha yanaendelea. Mimi nilikuwa na kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba. Rafiki akanitumia programu ya sarafu iliyokuwa na wiki mbili tu tangu izaliwe. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa haina faida kwa yeyote. Nikaiwasha. Nikaiacha ikichimba usiku na mchana kwa siku 40.

Niliiona ni riziki ya usingizini. Nikitoka kufundisha, kitu cha kwanza ni kutazama namba zimefika wapi. Nakiri mbele yenu kwamba zipo siku niliitazama namba ile kabla ya kufungua msahafu.

Siku moja jirani yetu, mama mjane anayeuza vitumbua, alinisimamisha uani. Akaniuliza: "Mwanangu Ustadhi, wewe umesoma. Hebu itazame hii mita, au ina kasoro? Siku hizi umeme hauchukui hata wiki."

Nilisimama pale nikiwa sina la kusema. Nilirudi ndani nikachukua kalamu. Kompyuta yangu na kioo chake ilikuwa inakula kama wati 150. Kwa saa 24 ni uniti 3.6. Kwa siku 40 ni uniti 144. Kwa bei tuliyokuwa tunanunulia, kama shilingi 356 kwa uniti, ni zaidi ya shilingi 51,000. Tukigawana sawa wapangaji wanne, mimi nimelipa robo tu. Robo tatu, yaani shilingi 38,000 na ushee, wamelipa jirani zangu bila kujua. Na sarafu zangu zote, nilipoangalia bei ya siku ile, zilikuwa na thamani ya shilingi 9,000 hivi.

Yaani nimechoma umeme wa shilingi 51,000 kupata shilingi 9,000, na kilichonifanya nijione napata faida ni kwamba sehemu kubwa ya gharama ililipwa na wengine. Niliizima kompyuta. Jioni ile niliwapitia jirani zangu mlango kwa mlango, nikawaeleza nilichofanya na kumpa kila mmoja shilingi 13,000. Wawili walicheka, wakaniambia ni mambo ya wasomi. Yule mama alizipokea, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mimi nilikuwa nazima taa mapema, wanangu wasome mchana tu, nikidhani sisi ndio tunaomaliza."

Ndugu zangu, maneno yale sijayasahau. Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha watoto wa watu mlango wa ghasb, yaani kuchukua au kutumia mali ya mwenzio bila ya ridhaa yake. Nilikuwa naifafanua kwa mifano ya ng'ombe na mashamba. Sikufikiria kwamba inaweza kupita kwenye waya wa umeme. Katika Suratun Nisaa, aya ya 29, Allah (s.w.) ametukataza kula mali zetu kwa batili na akaweka sharti la kuridhiana. Jirani zangu walikuwa hawajaridhia, kwa kuwa hawakujua lolote la kuridhia.

Kuhusu sarafu zile, miezi michache baadaye waliokuwa wakituhimiza "tushike, tusiuze" waliuza zao, bei ikaanguka, na leo hakuna anayezinunua.

Maulamaa wamesema nini?

Hapa naomba nieleweke. Mimi ni mwalimu, si mufti. Ninachoweza ni kueleza yaliyosemwa na wenye elimu yao, ili msomaji ajue kwamba suala hili lina mjadala.

Wapo waliokataza. Mufti Mkuu wa Misri wa wakati huo, Sheikh Shawki Allam, alitoa fatwa iliyotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2018 ya kuharamisha biashara ya bitcoin, akitaja udanganyifu, kutojulikana mambo na madhara kwa uchumi. Mamlaka ya dini ya Uturuki, Diyanet, nayo ilieleza mwishoni mwa mwaka 2017 kwamba kwa hali ilivyo haifai kuzinunua na kuziuza. Baraza la Maulamaa la Indonesia, Novemba 2021, lilisema ni haramu kuzitumia kama fedha, lakini likaacha mlango kwa zile zenye kutimiza masharti ya kuwa bidhaa, zenye msingi na manufaa ya wazi.

Wapo walioona kwamba asili yake inakubalika. Hoja yao ni kwamba fedha haikuwekewa umbo maalum na sheria. Imam Malik alishazungumzia uwezekano wa watu kukubaliana kutumia ngozi kama fedha, na akaona hukumu za fedha zitazihusu ngozi hizo. Ibn Taymiyya naye aliona suala la fedha linarejea kwenye ada na makubaliano ya watu. Na ile Akademia ya Kimataifa ya Fiqh iliyo Jeddah ililijadili suala hili katika kikao chake cha 24 huko Dubai, Novemba 2019, ikaona bado linahitaji utafiti zaidi kabla ya kutolewa uamuzi.

Kwa upande wa nchi yetu, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali kwa malipo. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Mwanza aliitaka Benki Kuu ijiandae na mabadiliko hayo. Na sheria ya fedha ya mwaka 2024 ikaingiza kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Mwenye kufanya biashara hii basi asijidanganye kwamba yuko nje ya macho ya sheria.

Ni kazi au ni kamari?

Hata hivyo kuchimba si sawa na kununua. Anayenunua anatoa fedha kupata sarafu. Anayechimba anafanya kazi ya kutunza daftari, na analipwa. Sasa malipo haya tuyaweke katika mlango gani wa fiqh?

Si ijara, kwa sababu katika ijara mwajiriwa anajua ujira wake akimaliza muda au kazi. Mchimbaji anaweza kuwasha mashine mwezi mzima asipate kitu. Kinachokaribiana zaidi ni ju'ala, yaani ahadi ya malipo kwa yeyote atakayetimiza jambo fulani. Maulamaa wanaitolea ushahidi kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), aya ya 72 ya sura hiyo, pale ilipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayekileta chombo cha mfalme. Katika ju'ala kazi yenyewe inaweza isijulikane ukubwa wake. Linalotakiwa ni malipo kujulikana, na hapa malipo yamewekwa wazi katika programu. Madhehebu ya Shafi, Malik na Hanbali yanaikubali ju'ala. Mahanafi wameibana sana.

Wengine wanasema hii ni kamari, kwa sababu mmoja anapata na maelfu wanakosa. Nami nilidhani hivyo. Lakini katika kamari kila mchezaji anaweka dau, na mshindi anachukua madau ya walioshindwa. Hapa umeme wa aliyekosa hauendi kwa aliyepata. Umekwisha, umegeuka joto. Kwa hiyo kwa maoni yangu kuchimba kwenyewe si kamari. Lakini kunaweza kuwa israfu, na israfu nayo ina hukumu yake.

Ili kupunguza bahati nasibu, wachimbaji wadogo hujiunga makundi, mmoja wao akipata wanagawana kwa kadiri ya kazi ya kila mmoja. Huu unafanana na ushirika wa kazi, sharikatul abdan. Ajabu ni kwamba ushirika huu unakubaliwa na madhehebu mengine matatu, lakini madhehebu yetu ya Shafi hayaukubali. Kijana anayesema "mimi ni Shafi" na yumo katika kundi la wachimbaji ajue kwamba ameshavuka kwenda kwa Imamu mwingine.

Ama kutoa fedha umpe mtu "akuchimbie", akuahidi faida kila siku, hapo tahadhari iwe kubwa zaidi. Waendesha mashtaka wa Marekani waliishitaki BitClub Network Desemba 2019, wakieleza kwamba watu walichangishwa dola zisizopungua milioni 722 kwa jina la uchimbaji na wakaoneshwa mapato ya kutunga. OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014, iliwauzia watu vifurushi vya "kuchimba" sarafu ambayo haikuwa na daftari la kweli. Walioibiwa walipoteza mabilioni ya dola, wakiwemo ndugu zetu wa Uganda. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017, na mshirika wake Karl Sebastian Greenwood alihukumiwa miaka 20 jela mwaka 2023. Katika mambo haya hakuna ju'ala wala ijara. Ni wizi.

Maswali manne kabla ya kuwasha

Kutokana na hayo, nampa kijana yeyote anayeniuliza maswali manne. Akiyajibu kwa ukweli, mara nyingi hahitaji tena kuniuliza.

La kwanza: umeme ni wa nani? Swali hili limewaangusha wengi. Mwaka 2019 zilienea picha kutoka Iran za mashine za kuchimba bitcoin zikielezwa kuwa zimefungwa msikitini, kwa kuwa misikiti kule inapata umeme bure au kwa bei nafuu. Kati ya mwaka 2017 na 2019 kulikuwa na huduma iitwayo Coinhive iliyoziwezesha tovuti kuchimba Monero kwa kompyuta za wanaozitembelea, na wengi wa waliotembelea hawakuambiwa. Kompyuta ya ofisi, ya chuo, ya mwajiri, mita ya wapangaji, umeme wa msikiti: vyote hivi hukumu yake ni moja usipokuwa na idhini ya mwenyewe.

La pili: hesabu yako inakwenda mbele au inarudi nyuma? Pima wati za kompyuta yako, zidisha kwa saa, zidisha kwa bei ya uniti, na usisahau kwamba mashine inayowaka moto usiku na mchana inakufa mapema. Kama unachochoma ni kikubwa kuliko unachopata, nia yako si kazi tena. Unabahatisha kwamba bei itapanda.

La tatu: sarafu hii ina kazi gani, na waliotangulia wameshika kiasi gani? Kama waanzilishi wamejitengea fungu kubwa kwa siri, wewe ni mpiga tarumbeta wao tu. Na ujue kwamba daftari changa lenye wachimbaji wachache ni rahisi kuchezewa na mwenye mashine nyingi. Bitcoin Gold, yenyewe iliyojitangaza kuwa ya wachimbaji wadogo, iliibiwa kwa njia hiyo Mei 2018, kiasi cha dola milioni 18.

La nne: utamuuzia nani, na utamwambia nini? Mchimbaji wa mwanzo hapati fedha mpaka atokee wa kununua. Ukisambaza habari ambazo wewe mwenyewe huziamini ili bei ipande uuze, umeingia katika najsh, kupandisha bei kwa hila, ambayo Mtume (s.a.w.) ameikataza. Faida yako itatoka mfukoni kwa aliyekuamini, na mara nyingi ni mtu wa msikitini kwako.

Na akitokea aliyefaulu maswali yote manne, akachimba kwa chake na akapata cha halali, basi asisahau zaka, ikiwa thamani imefikia nisabu na mwaka umepita.

Jibu langu

Nilimwita kijana wangu baada ya wiki, tukakaa na kalamu. Madrasa ina kompyuta nane. Tukizikadiria wati 150 kila moja, kwa saa tisa za usiku, ni uniti 10.8 kwa usiku mmoja, uniti 324 kwa mwezi. Ni shilingi zaidi ya 115,000. Posho tunayompa mwalimu wa Qur'an haifiki hapo. Nikamwambia fedha hizi zinatoka katika kapu la Ijumaa. Aliyetia shilingi 500 alitia ili mtoto asome usiku chini ya taa. Hakutia ili sisi tubahatishe. Hata kamati ya msikiti haina uwezo wa kuturuhusu katika hilo, kwa sababu nayo ni amini tu, si mwenye mali.

Akaniuliza: "Na nyumbani kwangu, kwa LUKU yangu mwenyewe?"

Nikamwambia kwa hilo mlango sijaufunga, kwa sababu siwezi kuharamisha nisilo na dalili nalo. Lakini ajibu maswali manne, na ahesabu kwa kalamu kabla ya kuhesabu kwa matumaini. Alihesabu pale pale. Kompyuta yake ingemgharimu shilingi 38,000 kwa mwezi. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema: "Ustadhi, hii inalipa ukiwa hulipi umeme tu."

Nikamwambia hilo ndilo nililochelewa kulijua kwa siku 40, na mwenye kulilipia alikuwa mama wa vitumbua.

Tulikubaliana jambo moja. Kompyuta zile zilizokuwa "zinalala" ni kweli zilikuwa zinalala, na hilo ni kosa letu sisi walimu. Kila Jumamosi baada ya Alasiri sasa anakuja kuwafundisha watoto namna ya kuzitumia, ikiwemo namna ya kuzitambua programu zinazochimba kwa siri. Malipo yake tunayatoa sisi walimu, ni madogo, lakini kila mmoja anajua yametoka wapi.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.